Kamera za mkanda bado zipo sana
Ndugu unayesema kamera za mkanda, yaani za filamu, zimebaki za makumbusho, hapana aisee. Pentax wametoa mpya kabisa 2024, inaitwa Pentax 17, inapiga nusu fremu, yaani kila picha inachukua nusu ya nafasi ya kawaida, kwa hiyo mkanda wa picha 36 unakupa 72, na Leica wameirudisha kamera yao ya zamani M6 tangu 2022. Kodak walifilisika 2012, Ektachrome (mkanda wao wa rangi) ikafutwa, ila 2018 ikarudi sokoni maana watu walikuwa bado wanaitaka.

Kamera yenyewe sio tatizo kabisa, chukua Nikon FM2, shata (pazia linalofunguka kuingiza mwanga) ni ya makanika tupu, betri kazi yake kupima mwanga tu, hata ikiisha unaendelea kupiga. Shida mkanda umepanda bei afu studio za kusafisha picha ni za kutafuta kwa tochi. Mi nakushauri anza na nyeusi na nyeupe, unasafisha mwenyewe nyumbani, developa (dawa ya kutoa picha), maji, fiksa (dawa ya kuifanya picha idumu), joto nyuzi 20 hivi basi, ila ya rangi inataka 38 na ikipanda au kushuka kidogo tu rangi zinaharibika. Mradi viwanda vinatengeneza mkanda, yangu siuzi.