Kibodi ya laptopu iliyokufa: naweza kuigeuza iwe ya USB?

Swali: Fundi, habari za kazi. Mazabodi ya laptopu yangu imeungua na haitengenezeki tena, lakini kibodi na tachipadi zilikuwa nzima hadi siku ya mwisho. Nimezitoa, nataka zitumike kwenye kompyuta ya mezani kwa USB. Nina Arduino Uno, kile kibao kidogo cha kuandikiwa programu. Utepe wa kibodi una njia 24. Nimeweka multimita kwenye mlio na kubonyeza vitufe vingi, haijalia hata mara moja. Ina maana kibodi nayo imekufa? Na tachipadi yenye nyaya sita naianzia wapi?

Jibu: Ndugu yangu, usiitupe. Kilichokudanganya ni multimita. Njia za umeme ndani ya kibodi nyingi za laptopu si shaba. Ni wino wenye chembe za fedha uliochapwa juu ya plastiki, na ncha za utepe hupakwa kaboni ili zisichakae. Njia ya namna hiyo ina ukinzani wake: hata kitufe kikibonyezwa sawasawa unaweza kusoma omu 80, 200 au zaidi. Multimita nyingi hulia pale tu ukinzani unaposhuka chini ya omu 50 hivi. Kitufe kimefunga, umeme unapita, multimita imenyamaza. Hamishia kwenye kipimo cha omu, ubonyeze tena, na safari hii utazame namba badala ya kusubiri sauti. Inaniuma kila nikiona kibodi nzima imetupwa jalalani kwa sababu ya mlio ambao haukuja.

Kibodi hiyo yenyewe haina akili. Ni wavu wa swichi: njia 8 upande mmoja, 16 upande wa pili (ndiyo hesabu ya kawaida, na inalingana na 24 zako), na kila kitufe hugusanisha njia moja ya huku na moja ya kule. Aliyekuwa anauliza kila mara kitufe gani kimebonyezwa ni chipu ndogo iliyokuwa kwenye mazabodi. Hiyo ndiyo nafasi ambayo maikrokontrola yako, yaani chipu ya kuandikiwa programu, inakwenda kuijaza.

Uno iweke pembeni. Chipu yake kuu, ATmega328P, haina USB. Iliyo jirani na tundu la USB kazi yake ni kupitisha ujumbe tu, hivyo kompyuta haitaona kibodi. Isitoshe, Uno ina pini 20 na wewe unahitaji 24. Kibao cha Pro Micro chenye chipu ya ATmega32U4 kina USB yake, lakini pini zake ni 18. Mimi ningechukua kibao cha Raspberry Pi Pico. Chipu yake ya RP2040 inaongea USB moja kwa moja, na kingoni ina pini 26 za kutumia: GP0 hadi GP22, kisha GP26 hadi GP28. Tenga GP0 na GP1 kwa ajili ya tachipadi, zinabaki 24 kamili za kibodi.

Usijaribu kuchomelea nyaya kwenye utepe. Plastiki ile inajikunja ikiguswa na moto, na wino haushiki risasi. Tafuta konekta ya utepe iliyokwisha kufungwa kwenye kibao cha kuunganishia. Kupata ukubwa wake, pima kwa rula kutoka katikati ya njia ya kwanza hadi katikati ya mwisho, ugawe kwa 23, maana njia 24 zina nafasi 23 kati yake. Ukipata milimita 23, konekta yako ni ya milimita 1. Angalia pia upande wenye kaboni unatazama juu au chini.

Sasa kazi yenyewe ya kuusoma wavu. Unaweza kuhangaika na probu mbili kwa njia 24, lakini Pico itakufanyia vizuri zaidi. Andika programu fupi ya MicroPython (lugha ya Python kwa vibao vidogo): weka pini zote 24 ziwe za kupokea, kila moja ikivutwa juu, kwenye volti 3.3, na rezista ya ndani. Kisha moja baada ya nyingine igeuze iwe ya kutoa, uishushe sifuri, na usome nyingine zote. Iliyoshuka nayo ndiyo mwenzake. Rezista za ndani za RP2040 ni kiloomu 50 hadi 80, kwa hiyo hata kitufe chenye omu 400 kinaishusha pini hadi karibu volti 0.03. Kwa Pico hiyo ni sifuri bila shaka yoyote. Ndiyo maana inaona kile ambacho multimita ilikinyamazia.

Bonyeza A, kwenye skrini utaona kitu kama 7 na 19. Andika kwenye karatasi. Bonyeza S, andika. Endelea kitufe kwa kitufe, bila haraka, mpaka Fn, maana kwa kawaida nayo ni swichi kama nyingine. Ujanja wake ulikuwa kwenye ile chipu ya mazabodi, na sasa utaamua wewe ifanye nini. Ukimaliza, gawa makundi: iweke 7 kundi la kwanza na 19 la pili. Kitufe chochote kingine chenye 7, mwenzake ni wa kundi la pili. Chenye 19, mwenzake ni wa kundi la kwanza. Usishangae Shift, Ctrl na Alt kukaa kwenye njia zisizo na vitufe vingine. Waliotengeneza walifanya hivyo makusudi, na sababu ni hii inayofuata.

Kibodi nyingi za laptopu hazina daiodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) kwenye kila kitufe. Chukua njia 3 na 7 upande mmoja, 10 na 12 upande wa pili. Ukishikilia vitufe vya 3-10, 3-12 na 7-10 kwa pamoja, umeme unazunguka kupitia hivyo vitatu na kitufe cha 7-12 kitaonekana kimebonyezwa wakati hakuna aliyekigusa. Ukitumia QMK, programu huria ya kuendeshea kibodi, washa MATRIX_HAS_GHOST kwenye faili la config.h, nayo itavipuuza vitufe hivyo vya uongo. Ukiandika programu yako mwenyewe, kumbuka jambo moja: njia usiyoiuliza kwa wakati huo iache wazi, iwe ya kupokea. Ukiiweka juu kwa nguvu, vitufe viwili vikibonyezwa pamoja vitagonganisha pini iliyo juu na iliyo sifuri. Baada ya kuishusha njia, subiri mikrosekunde 30 ndipo usome, na kitufe kipewe milisekunde 5 hadi 10 za kutulia.

Tachipadi ni habari nyingine, maana yenyewe ina chipu, na ukikosea volti unaiua. Anza na grandi, waya wa volti sifuri. Hapa njia ni za shaba, mlio wa multimita unafaa: probu moja kwenye bamba la chuma la tachipadi, nyingine ipite waya kwa waya. Kisha soma jina la chipu, Synaptics, Elan au Alps, na utafute maelezo yake kabla ya kuwasha chochote. Za kabla ya mwaka 2012 nyingi ni PS/2, njia ya zamani ya kuunganisha kibodi na mausi: umeme, grandi, kloki (waya wa kupanga mwendo) na data, na nyaya mbili zinazobaki huenda ni vitufe vya kushoto na kulia. Za baadaye nyingi ni I2C, njia ya chipu kuwasiliana kwa nyaya mbili. Hapo ndipo utafurahi kuwa uliacha GP0 na GP1, kwa sababu zinafaa kwa zote mbili: kwenye I2C ni SDA (data) na SCL (kloki), na QMK ikitumia PIO, sehemu ya RP2040 ya kuendeshea pini, kwa PS/2 inataka pini ya kloki ifuate mara moja ile ya data.

Anza na volti 3.3, usianze na 5. Weka rezista ya kiloomu 4.7 kutoka kila waya wa mawasiliano kwenda kwenye 3.3. Tachipadi ya PS/2 ikiamka hutuma 0xAA kisha 0x00 (namba zilizoandikwa kwa mtindo wa kompyuta). Itumie 0xF4, itajibu 0xFA, na ukipitisha kidole itaanza kutoa baiti tatu tatu. Ikikataa kuamka na maelezo ya chipu yakasema inahitaji volti 5, weka kibao cha kubadilisha volti kati yake na Pico, maana pini za RP2040 hazivumilii 5. Ya I2C itafute kwa kupitia anwani zote: za Elan mara nyingi hujibu kwenye 0x15, za Synaptics kwenye 0x2C.

Maliza kibodi kwanza, iandike herufi zote bila kukosea, ndipo uguse tachipadi. Na hiyo karatasi ya namba za njia ipige picha, kwa sababu utaihitaji tena siku utakapotaka kubadilisha mpangilio wa vitufe.