Daktari Anajibu: Je, baba achomwe dawa ya MRI?

SWALI: Daktari, shikamoo. Baba yangu, mwenye umri wa miaka 61, ana uvimbe mbele ya sikio la kulia ambao umekuwa ukikua kwa miezi saba. Tangu mwezi uliopita, kila anaponawa uso, sabuni humwingia jichoni kwa sababu kope hazifumbi. Amepewa rufaa kwenda Dodoma mjini akapigwe picha ya MRI pamoja na sindano ya dawa. Kwa kuwa ana kisukari, baba mdogo anaikataa sindano hiyo, akisema ilimharibia jirani yetu figo alipopigwa CT skani. Je, picha bila dawa haitoshi?
Msomaji, Kondoa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na hiyo sabuni, kwa kuwa imenishtua kuliko uvimbe wenyewe. Uvimbe wa mbele ya sikio mara nyingi hutoka kwenye tezi kubwa ya mate, na ndani ya tezi hiyo hupita mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso, ikiwamo ile inayofumba jicho. Uvimbe usio wa saratani kwa kawaida huusukuma mshipa huo kando bila kuulemaza. Ukilemaa, tunalazimika kushuku saratani na kutafuta imefika wapi, kwani saratani ya mahali hapo huweza kutambaa kwa kuufuata mshipa, kama mchwa ndani ya boriti, hadi kwenye mfupa wa nyuma ya sikio.

Hapo ndipo dawa inapohitajika. Picha bila dawa huonyesha vizuri ukubwa wa uvimbe, lakini mshipa ulioshambuliwa unaweza kuonekana umenenepa kidogo tu, au usionyeshe dalili yoyote. Dawa hiyo ina metali iitwayo gadolini, ambayo husafiri katika damu, huvuja pale mishipa ya damu isipokuwa timamu, na kupafanya pang'ae. Mafuta nayo hung'aa katika picha za aina hiyo, na uso na shingo vina mafuta mengi. Kwa hiyo mtaalamu wa mashine huuzima kwanza mng'ao wa mafuta, ili tishu iliyonyonya dawa isijifiche ndani yake. Daktari wa radiolojia huweka picha ya kabla ya sindano kando ya ile ya baada yake, kisha huufuata mshipa kipande kwa kipande. Hata hivyo, uvimbe usio wa saratani nao hung'aa, kwa hiyo jina la ugonjwa litatokana na kinyama kitakachopimwa maabara.

Hofu ya baba yako mdogo si ya kupuuzwa, ila amechanganya dawa mbili. Ile ya CT skani ina iodini, na ndiyo inayohusishwa zaidi na kudhoofu kwa figo. Ya MRI huchomwa kidogo, takriban mililita 12 kwa mtu wa kilo 60. Mwaka 2006 baadhi ya dawa za gadolini za zamani zilihusishwa na ugonjwa wa kukakamaa kwa ngozi kwa wagonjwa ambao figo zao zilikuwa zimeshindwa kazi. Dawa za sasa, zinazoifunga gadolini ndani ya molekuli yenye umbo la pete, zimepunguza hatari hiyo mno. Kwa sababu ya kisukari, baba apimwe kreatinini (kipimo cha damu kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi) kabla ya safari, na kiwango cha uchujaji wa figo kikiwa chini ya 30, daktari aliyempa rufaa aambiwe mapema ili apime upya uamuzi wake. Figo zikiwa nzima, ningemshauri baba yangu mwenyewe achomwe.

Aende na picha zake za zamani, avue meno ya bandia, na aseme kama ana kifaa cha moyo au chuma chochote mwilini. Atalala katika mashine yenye kelele kwa dakika 40 hivi bila kutingishika.

Jicho lisisubiri tarehe ya rufaa. Mpelekeni kwa mtaalamu wa macho wiki hii apewe matone ya kulainisha, na aelekezwe namna ya kuzifunga kope kwa plasta laini wakati wa kulala, kwani jicho lisilofumba hukauka na kupata kidonda kwenye kioo chake.