Seva inadai nenosiri la kuwashia na hakuna anayelikumbuka: tafuta jampa, usikimbilie betri

Nenosiri la kuwashia seva husahaulika kwa sababu halitumiki. Seva ikishawaka hukaa miezi, hata miaka, bila kuzimwa. Aliyeliweka anahama kazi, karatasi inapotea. Siku umeme unakatika na UPS inaishiwa chaji, ofisi nzima inasimama kwa sababu skrini inadai neno ambalo hakuna mwenye nalo.

Kwanza hakikisha ni nenosiri lipi. La Windows au Linux huulizwa baada ya mfumo endeshi kupanda, nalo lina njia zake. Hili la kuwashia hukaa kwenye bodi kuu na huulizwa mapema, karibu na nembo ya mtengenezaji. Kwenye Dell PowerEdge yapo mawili: la mfumo, linalozuia mashine isiwake, na la mipangilio, linalozuia mtu asibadili kitu ndani ya BIOS, yaani programu ya msingi ya bodi kuu inayoiwasha mashine. Ukikosea mara 3 mashine inagoma mpaka uizime, kwa hiyo usipoteze asubuhi nzima ukibahatisha.

Mafundi wengi hukimbilia kuchomoa betri ya CR2032. Kwenye kompyuta za mezani za zamani mara nyingi ilisaidia, maana nenosiri lilitunzwa kwenye kumbukumbu iliyotegemea betri hiyo. Seva nyingi za sasa hulitunza kwenye chipu isiyohitaji umeme. Ukichomoa betri, nenosiri linabaki palepale na saa ndiyo inayopotea. Seva ya domeni, inayothibitisha watumiaji wa ofisi, ikiamka na tarehe ya miaka iliyopita, watumiaji wanaanza kukataliwa, kwa kuwa Kerberos, utaratibu wa kuwathibitisha, kwa kawaida haivumilii tofauti ya saa inayozidi dakika 5. Utakuwa umejiongezea tatizo la pili.

Njia sahihi ni jampa, kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili kwenye bodi kuu. Nachukua mfano wa PowerEdge R740. Pata kibali cha mwenye mashine kwa maandishi, kisha zima seva na uchomoe nyaya zote mbili za umeme. Pawa saplai moja ikibaki imechomekwa, bodi bado ina umeme hata kama mashine inaonekana imezima. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, vaa mkanda wa kuzuia umemetuli, ndipo ufungue kifuniko. Upande wa ndani wa kifuniko kuna mchoro wa bodi unaoonyesha jampa zilipo. Huenda ukalazimika kutoa plastiki inayoelekeza upepo ili kuzifikia.

Hapo uende taratibu, na tochi mkononi. Jampa unayoitaka imeandikwa PWRD_EN, na kawaida imefunika pini ya 2 na ya 4. Ichomoe kwa koleo yenye ncha nyembamba, uivike pini ya 4 na ya 6. Jirani yake kabisa ipo NVRAM_CLR, inayotumia pini 1, 3 na 5. Ukihamisha hiyo kwa makosa, mipangilio yote ya BIOS inafutika mashine inapowaka. Seva iliyokuwa ikitumia RAID (diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja) ya SATA ya kwenye bodi inaweza kurudi kwenye AHCI, hali ambayo kila diski inasomwa peke yake, ikashindwa kupanda, na mtu akadhani diski zimekufa. Zipo salama, rudisha hali ya RAID ndani ya BIOS, na usiumbe safu mpya ya diski hata kama skrini inakupa nafasi hiyo.

Rudisha kifuniko, chomeka umeme, washa, uiache mashine ipande. Hatua hii ndiyo watu wanairuka: kuhamisha jampa peke yake hakufuti kitu. Nenosiri linafutika pale seva inapowaka jampa ikiwa kwenye 4 na 6. Baada ya hapo zima tena, chomoa nyaya tena, rudisha jampa kwenye 2 na 4. Ukiweka nenosiri jipya kabla ya kuirudisha, litazimwa mashine ikiwaka tena. Isitoshe, kwenye R740 jampa ikibaki 4 na 6 inafungua pia njia ya kubadilisha nenosiri la iDRAC (kifaa cha Dell cha kuisimamia seva ukiwa mbali) papo hapo kwenye mashine, na huo ni mlango usioutaka wazi. Ukishairudisha, ingia kwenye BIOS kwa F2, sehemu ya usalama wa mfumo, uweke jipya; mwisho ni herufi 32.

Kama diski zimefungwa kwa BitLocker, usimbaji wa Windows, tafuta ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48 kabla hujagusa chochote. Mipangilio ya BIOS ikibadilika, unaweza kudaiwa ufunguo huo.

Kwenye seva nyingi za HPE ProLiant za Gen9 na Gen10 hakuna jampa ya kuhamisha. Kuna safu ya swichi ndogo kwenye bodi. Weka swichi ya S5 ON, washa, zima, irudishe OFF. Usiguse S6, hiyo inafuta mipangilio yote.

Wanaonunua seva zilizotumika wawe waangalifu na baadhi ya IBM System x. Nenosiri la kuwashia lina njia ya kulipita, lakini la msimamizi likisahaulika, maelekezo ya IBM yenyewe ni kubadilisha bodi kuu. Kabla ya kutoa pesa, mwambie muuzaji awashe mashine na aingie kwenye mipangilio kwa F1 ukiwa umesimama hapo.