Maswali na Majibu: Historia na suala la ardhi katika makala ya safari kuhusu Malindi

Swali: Mheshimiwa mhariri, ninaandika makala ya safari kuhusu Malindi, mji niliozaliwa, kwa ajili ya wasomaji wa bara. Nimekusanya habari za Vasco da Gama, magofu ya Gede, hoteli za Waitaliano na maisha ya maskwota, yaani watu wanaoishi kwenye ardhi wasiyo na hatimiliki yake. Tatizo ni kwamba sehemu ya historia inasomeka kama kitabu cha darasani, na sehemu ya ardhi inasomeka kama malalamiko yaliyobandikwa mwishoni. Nizipange vipi? Pia, je, ni sahihi kuandika kwamba Ahmad ibn Majid, baharia mashuhuri wa Kiarabu, ndiye aliyemwongoza da Gama hadi Bara Hindi? Msomaji, Barani, Malindi.

Jibu: Ndugu msomaji, nianze na Ibn Majid kwa kuwa jibu lake ni fupi: usiandike hivyo. Ni kweli kwamba da Gama alifika Malindi mwezi Aprili 1498, kwamba mfalme wa mji alimpokea kwa wema ambao hakuupata Mombasa, na kwamba alimpa rubani wa kumvusha hadi Calicut. Hata hivyo, waandishi wa tarikhi wa Kireno wa karne ya 16 wanamtaja rubani huyo kuwa ni mtu wa Gujarati, ilhali habari ya Ibn Majid imetoka katika tarikhi ya Kiarabu iliyoandikwa miongo mingi baada ya tukio lenyewe, na wataalamu waliozichunguza kazi za baharia huyo wameikataa. Ukiwa umeisikia kwa mwongoza watalii pale kwenye nguzo ya Vasco da Gama, unaweza kueleza kwamba ndivyo inavyosimuliwa, mradi aya hiyo hiyo imwambie msomaji hali halisi ya ushahidi. Ibn Majid ana sifa za kutosha katika elimu ya bahari. Hahitaji kuongezewa safari isiyo yake.

Sasa tuje kwenye mpangilio, ambao ndio mzigo wa swali lako. Umeitenga historia na matatizo ya leo kana kwamba ni mada mbili, na kwa sababu hiyo kila moja imekosa kazi ya kufanya. Katika Malindi, suala la skwota ni historia yenyewe ikiwa bado inaendelea. Ningekushauri uifanye ardhi kuwa uzi wa makala nzima, na kila tukio la kale liingie pale tu linapojibu jambo ambalo msafiri ameliona kwa macho.

Chukua mfano mmoja ambao nina hakika umeupita mara nyingi. Ukitoka mjini kuelekea kaskazini, utaona ukuta mrefu wa mawe ya matumbawe, juu yake vimepangwa vigae vya chupa, na ndani yake kiwanja kilichomea vichaka tu. Nje ya ukuta kuna nyumba ya udongo iliyoezekwa kwa makuti, na kuizunguka kuna mahindi, mihogo na kunde. Kinachokosekana hapo ni mnazi na mwembe, na katika Mwambao kukosekana huko kuna sababu. Kwa desturi ya mashamba mengi ya Pwani, mti unaweza kuwa na mwenyewe asiye mwenye ardhi, na aliyeupanda huweza kudai fidia anapoondolewa. Kwa hiyo mwenye shamba humruhusu mkazi kujenga na kulima vya msimu, lakini humkataza kupanda miti ya kudumu. Mwandishi akilionyesha shamba hilo lisilo na mnazi, msomaji wa Nyeri au Kitale atauliza mwenyewe kulikoni, na hapo historia itakuwa imeitwa.

Ndipo umweleze kwamba mwaka 1593 Wareno walihamishia nguvu zao Mombasa na kumweka mtawala wa Malindi huko, mji ukadhoofika, na hatimaye ukabaki magofu. Hapo pita haraka. Simama kwenye miaka ya 1860, Malindi ilipofufuliwa chini ya Sultani wa Zanzibar kwa kilimo cha mtama na ufuta, kilimo kilichobebwa na watumwa walioletwa kwa wingi hata wakawazidi waungwana kwa idadi. Makala nyingi za safari hukiruka kipindi hiki, nadhani kwa sababu hakina jengo zuri la kupigwa picha, na mimi naona hicho ndicho kipindi kinachostahili kurasa nyingi kuliko vyote. Utumwa ulifutwa kisheria katika Mwambao wa Kenya mwaka 1907. Mwaka uliofuata, 1908, ikatungwa sheria ya hatimiliki iliyowataka wanaodai ardhi ya Mwambao waandikishe madai yao, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya serikali ya kikoloni. Iweke miaka hiyo miwili karibu karibu katika sentensi zako, bila kuongeza maoni. Mtu aliyeachwa huru jana hakuwa na cha kuandikisha, na Mgiriama aliyelima kwa haki ya ukoo hakuwa na karatasi.

Vita vya Wagiriama vitafuata vyenyewe. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza Wagiriama kuupinga utawala wa Waingereza, alikamatwa mwaka 1913 na kupelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwao. Mwezi Agosti 1914 serikali ikailipua kwa baruti Kaya Giriama, makao yao matakatifu msituni, na Wagiriama wakaamriwa waondoke ng'ambo ya kaskazini ya mto Sabaki. Msafiri anayeelekea Ngomeni huuvuka mto huo darajani, kwa hiyo aya hii iandike hapo darajani.

Kuhusu uthibitisho, neno la mkazi lina thamani kubwa katika kueleza jinsi anavyoishi na alivyofika hapo, lakini halitoshi kumtaja mmiliki. Ikiwa unataka kuandika kwamba kiwanja fulani ni cha mtu fulani, tafuta rekodi ya kiwanja hicho katika ofisi ya usajili wa ardhi. Ukikosa namba ya kiwanja, acha jina. Vivyo hivyo, usimtaje skwota kwa jina wala usiionyeshe nyumba yake kwa picha inayotambulika, hata akikuruhusu kwa furaha, kwa kuwa notisi ya kuhama hailetwi kwako. Madai ya dhuluma za kihistoria za ardhi yana mahali pake rasmi tangu Katiba ya 2010, yaani Tume ya Kitaifa ya Ardhi, na ni vyema umuulize mkazi kama wenzake wamewahi kupeleka madai huko.

Waitaliano usiwafanye vikaragosi. Mtoto anayemsalimu kila mgeni kwa “ciao” ni picha ambayo kila mwandishi ameshaitumia. Yaliyo mazito zaidi ni bei za viwanja vya ufukweni zilizopandishwa na utalii, na unyonyaji wa watoto uliofuatana nao. Hili la pili usilidokeze kwa maelezo ya jioni uliyoyaona barabarani, bali lizungumze na watu wanaowahudumia watoto, au uliache kwa makala nyingine.

Gede, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024, naona umeiweka mwanzoni kwa sababu inavutia. Ihamishie baada ya daraja la Sabaki, hata kama iko kusini na utalazimika kurudi nyuma njiani: msomaji aliyekwisha kuona nani alikosa hatimiliki atayatazama makaburi na kuta za mji ule kwa maswali yake mwenyewe, nawe utaweza kuifupisha sehemu hiyo hadi aya mbili.