Bia za Bermondsey: mmeuliza, najibu

Wiki hii karibu kila swali ni la viwanda vidogo vya bia hapa London, naona wengi mnakuja kutembea, haya twende.

Nina siku chache tu London na napenda bia, nianzie wapi? Dada wa Arusha

Bermondsey, mtaa wa hapa hapa London, wala usijiulize. Kuna reli ya zamani ya kwenda Greenwich, ya 1836, imepita juu ya matao ya matofali na chini ya hayo matao ndo viwanda vimejibanza, unakunywa huku matangi ya bia yapo nyuma ya mgongo wako na treni inanguruma juu. Wanaiita maili ya bia ila ukiunga sehemu zote ni zaidi. Jumamosi mchana wanajaa mabwana harusi watarajiwa na masela wao, kelele tupu, kwa hiyo wahi au nenda Ijumaa jioni. Katikati ya wiki sehemu nyingine hazifungui kabisa, cheki masaa kwanza.

Niliagiza bia ikaja vuguvugu na gesi hamna, nimepigwa? Kaka wa Nakuru

Hujapigwa kaka. Hiyo ni bia ya pipa, ile mhudumu anaivuta kwa mkono na mpini mrefu pale kaunta. Inamalizia kuchachuka humo humo ndani ya pipa, haisukumwi na gesi ya mtungi, na inatunzwa kwenye chumba cha chini ya baa, nyuzi 11 mpaka 13 hivi. Sisi tumezoea kuulizwa "moto au baridi" basi, wenzetu wana ya katikati. Ukitaka baridi omba ya keg, ile inayosukumwa na gesi. Ila usiikimbie bwana, baridi kali inaficha ladha, hii ukiinywa taratibu kimea unakisikia kabisa na wala tumbo halijai gesi.

Hizi bia za IPA mbona chungu hivi? Mimi wa Moshi zimenishinda

Uchungu ni hopsi, yale maua yanayotiwa kwenye bia, wanazijaza kweli kweli. Lakini mtu wa Moshi ulalamikie uchungu, yale magome machungu ya msesewe mnatia kwenye mbege yenu ya ndizi ya nini? Kazi ile ile! Wewe tafuta zile zenye ukali wa kuchacha, saison au sour, mtu aliyekulia kwenye mbege hazimshangazi. Kiwanda cha The Kernel, walioanza 2009 hapo hapo Bermondsey, wanapika saison nzuri, na wana Table Beer yao ya kama asilimia 3, unakunywa mchana na bado unaongea vizuri. Stauti yao ya Export, bia nyeusi, iache iwe ya mwisho, ni nzito.

Nibebe shilingi ngapi, na tipu je?

Beba kadi, cash sehemu nyingi hawapokei. Painti ni mililita 568 na inaweza kupita pauni 7, so omba theluthi ya painti, glasi ndogo, unaonja nyingi bila kufilisika. Huku hakuna kurundika chupa mezani halafu baamedi aje ahesabu, unalipa kaunta kila ukiagiza. Tipu siyo lazima. Ila ukinunuliwa raundi na wewe ununue, ukikwepa watakuona. Kama una sura ya kitoto beba na pasi, umri ni miaka 18 lakini wanakagua yeyote anayeonekana chini ya 25.

Naweza kuja na gari la shemeji?

Njoo na shemeji, gari liache.