Mzee anapochangia gharama za nyumba mnayoishi naye

Mzazi mzee akihamia kwenu na ana pensheni, wengi huona haya kuzungumzia mchango wake. Wengine humwachia atoe anachojisikia, na baada ya mwaka hakuna anayejua nani alilipa nini.

Hesabuni gharama iliyoongezeka, msigawane kila kitu sawa. Chukueni bili za umeme na maji za miezi mitatu baada ya kuhamia, mlinganishe na za msimu uleule kabla hajaja. Tofauti ndiyo yake. Chakula kigawanywe kwa vichwa: mkiwa watano, yeye ni moja ya tano, na ipungue kama anakula kidogo. Kodi ambayo mngelipa hata asingekuwepo msimtwishe. Kama mmehamia nyumba kubwa kwa ajili yake, achangie nyongeza tu.

Dawa, nepi za watu wazima na ujira wa mlezi visiingizwe humo. Vilipwe moja kwa moja kutoka kwenye fedha zake, na risiti zitunzwe. Vikichanganywa, mwezi wa ugonjwa mchango huonekana umepanda ghafla, na ndugu aliye mbali huanza kuhisi mzee analiwa fedha zake.

Kabla ya kukata chochote, tengeni fedha zake za mfukoni. Kumwomba mwanao nauli ilhali pensheni ni yako kunaumiza sana. Na kama anashinda na wajukuu, huo nao ni mchango: punguzeni kiasi cha fedha.

Hatari kubwa iko kwenye fedha za mkupuo, tuseme ametoa akiba yake mjenge chumba. Siku hiyohiyo andikeni kama ni zawadi, mkopo au sehemu ya umiliki, mtie sahihi, na ndugu wote wapate nakala. Bila karatasi, nyumba ikiuzwa hana pa kushika, na akifariki warithi watagombana.

Mchango wa kila mwezi upite benki au kwenye simu, tarehe ileile, ili ubaki na kumbukumbu. Msikae na kadi yake na namba ya siri kwa mazoea tu. Hati ya kumpa mtu mamlaka ya kusimamia fedha zake iandaliwe na mwanasheria akili zake zikiwa bado timamu. Akiisaini baada ya kupoteza uwezo wa kuelewa anachosaini, hati hiyo haitakuwa na nguvu. Hesabu zipitiwe upya kila miezi sita, naye akiwepo.