Ajira wakati wa mlipuko wa ugonjwa: mambo ya kushika kwa afisa utumishi mgeni Nyanda za Juu Kusini

Kama ndiyo kwanza umekabidhiwa mafaili ya wafanyakazi, au umefungua biashara yako Mbeya, Njombe au Iringa, elewa hili mapema: mlipuko wa ugonjwa hausimamishi sheria za kazi. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali ya Tanzania ilifunga shule na vyuo, lakini haikuamuru viwanda, mashamba wala hoteli kufungwa. Tofauti hiyo ina uzito mkubwa. Mwenye shule binafsi alikuwa na tangazo la kuonyesha kwamba alizuiwa. Mwenye hoteli njia ya Ruaha, ambaye wageni wake walikatika kwa sababu ndege hazikuruka, hakuwa nalo. Yeye alipata hasara ya biashara, na hasara ya biashara ina utaratibu wake kisheria. Sheria ya Mikataba inatambua mkataba usioweza kutekelezeka, ila ugumu wa kupata fedha za mishahara haufikii hapo. Hata kwa shule, amri ilikuwa ya muda. Za msingi na sekondari zilifunguliwa mwisho wa Juni mwaka huohuo. Mkataba wa mwalimu ulikuwa hai kipindi chote hicho.

Tuanze na mgonjwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu. Sharti ni cheti cha daktari aliyesajiliwa. Anayekosewa mara nyingi ni mtu mwingine, yule mzima wa afya uliyemwambia akae nyumbani kwa sababu ameketi karibu na mgonjwa. Huyo yuko tayari kufanya kazi, wewe ndiye uliyemzuia. Mlipe, au mkubaliane atumie likizo yake ya mwaka. Likizo hiyo ni siku 28, na wakati wa kwenda unapangwa na mwajiri, kwa hiyo ndiyo nafuu ya kwanza kuitumia kazi zinapopungua. Toa barua yenye tarehe ya kuanza na ya kurudi. Ujumbe wa simu wa "pumzikeni kwanza" utakusumbua baadaye, maana hakuna atakayejua kama ilikuwa likizo, kusimamishwa au kufukuzwa.

Jina la mgonjwa lisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la kazini. Taarifa za afya zinalindwa kwa namna ya pekee chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Waambie waliokuwa karibu naye kwamba wapimwe, inatosha.

Mshahara nao haupunguzwi kwa tangazo la ubaoni. Makato yasiyotokana na sheria yanahitaji ridhaa ya maandishi, na masharti ya ajira yakibadilika sheria inataka mashauriano na taarifa ya maandishi. Kwenye makubaliano andika kiasi kipya, mwezi wa kuanza, mwezi wa kumalizika, na kama kilichopunguzwa kitalipwa baadaye au la. Kila mfanyakazi asaini nakala yake mwenyewe, na kiasi kipya kisishuke chini ya kima cha chini cha sekta yenu. Karatasi moja yenye majina arobaini na saini zilizofanana mwandiko haitakusaidia.

Sasa kupunguza wafanyakazi, mahali ambapo waajiri wengi huanguka. Utaratibu uko kifungu cha 38 cha toleo la 2019 la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini. Unatoa taarifa mara tu wazo linapokujia, kabla hujaamua. Unawapa taarifa zinazohusika: hali ya mauzo, oda zilizofutwa, nafasi zinazoguswa. Kisha mnashauriana kuhusu sababu, njia za kuepuka, vigezo vya kuchagua, wakati na malipo. Penye chama cha wafanyakazi, mfano TPAWU kwenye mashamba ya chai au CHODAWU hotelini, unaanza nacho. Kosa la kila siku ni kikao na barua za kuachishwa kufanyika siku moja. Msuluhishi akiona tarehe hizo mbili zinalingana, anajua mashauriano yalikuwa jina tu. Andikeni muhtasari wa kila kikao, na hoja za wafanyakazi ziingie hata zile ulizozikataa, pamoja na sababu za kuzikataa. Msipokubaliana, suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), na katika siku 30 za usuluhishi humwachishi mtu.

Hesabu ni hivi. Anayelipwa kwa mwezi anapata notisi ya siku 28 au malipo ya siku hizo badala yake. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika, usizidi miaka 10. Chukua mshahara wa msingi wa 260,000 na wiki ya siku 6: gawa kwa 4.333 (wiki za mwezi mmoja), kisha kwa 6, unapata takriban 10,000 kwa siku. Aliyekaa miaka 6 na miezi 8 anahesabiwa miaka 6, yaani siku 42, shilingi 420,000. Ongeza likizo isiyotumika, mshahara wa siku alizofanya kazi, na cheti cha utumishi. Usisahau usafiri: uliyemwajiri Makete ukamleta Mafinga unamrudisha Makete na mizigo yake, na siku anazosubiri anahitaji posho ya kujikimu.

Usiwaombe watu waandike barua za kuacha kazi ili upate wepesi. Ni kuwadhulumu. Anayeacha mwenyewe hukosa fao la kukosa ajira la NSSF, na akithibitisha kwamba alisukumwa, sheria inalihesabu tukio kuwa ni kuachishwa.

Vibarua wa mashine za mbao na wachuma chai wasiachwe nje ya hesabu. Aliyekufanyia kazi wastani wa saa zisizopungua 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka wewe uthibitishe vinginevyo. Kumwita "deiwaka" kwenye daftari hakubadilishi hilo.

Mgogoro wa kuachishwa kazi hufunguliwa kwa fomu CMA F1 ndani ya siku 30, madai mengine siku 60. Fidia hupimwa kwa miezi ya mshahara, kwa hiyo mtu mmoja anaweza kugharimu kuliko nafuu yote uliyotafuta. Sheria za kazi zilirekebishwa mwaka 2025. Nakala ya zamani iliyoko kwenye kabati la ofisi iondoe, upate mpya kabla hujaandika barua ya kwanza.